Cheni inaruka, inalegea, inachubua fremu: kutafuta kosa kwenye kishika cheni

Gurudumu la nyuma likishatoka, cheni haina pa kulalia. Inaangukia bomba la chini la nyuma, inachubua rangi, inapaka grisi kila inapogusa, na ukizungusha pedeli ili uisugue, inakwama. Kishika cheni kimetengenezwa kwa hali hiyo tu. Ni roda ndogo inayofungwa kwenye mdomo wa fremu, pale ekseli ya gurudumu ilipokuwa, ili cheni ipite juu yake kana kwamba gurudumu bado lipo. Unazungusha pedeli kinyumenyume, unasugua, unasuuza. Safarini, roda hiyohiyo inaizuia cheni isipigepige.

Mafundi wa timu za mashindano huosha baiskeli kwa namna hii: magurudumu pembeni, fremu imetundikwa, roda imekaa mahali pa kaseti (lile fungu la sproketi, yaani vigurudumu vya meno, kwenye gurudumu la nyuma). Aliyepita karibu na magari ya timu pale Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipokuja Afrika kwa mara ya kwanza, huenda aliwaona. Sisi tunaosafishia uani kwa ndoo na mswaki chakavu tunafaidika vilevile: uchafu wa cheni haurukii diski ya breki, na mafuta ya taa hayapenyi kwenye beringi za habu (kitovu cha gurudumu).

Nimeona watu wakikitupa kifaa hiki wakisema ni kibovu. Mara nyingi ni kizima. Kosa lilifanyika dakika moja kabla, gurudumu lilipotolewa cheni ikiwa kwenye giya isiyofaa. Kwa hiyo, kabla ya kukilaumu kifaa, jiulize cheni uliiacha wapi.

Cheni ianzie wapi

Kabla ya kufungua gurudumu, hamishia cheni kwenye sproketi ndogo kuliko zote nyuma, na kubwa mbele kama una zaidi ya moja. Zipo sababu mbili. Ya kwanza, derela ya nyuma (ule mkono wenye roda mbili unaohamisha giya) inakuwa imesogea nje kabisa, karibu na mdomo wa fremu, na hapo ndipo roda ya kishika cheni inapokaa. Ya pili, sproketi kubwa ya mbele inakula cheni nyingi, hivyo mkono wa derela unavutwa mbele na cheni inabaki imekaza. Asilimia kubwa ya yale utakayosoma hapa chini yanatokana na mtu kuruka hatua hii.

Cheni inaruka kwenye roda kila unapozungusha pedeli

Hili ndilo lalamiko nililolisikia kuliko mengine. Simama nyuma ya baiskeli, fumba jicho moja, tazama mstari wa cheni kutoka kwenye roda ya kishika cheni kushuka hadi roda ya juu ya derela. Unapaswa kunyooka. Ukiona unakwenda mshazari, umepata jibu: cheni inaingia kwenye roda kwa pembe, inapanda ukingo, inadondoka.

Kama derela imekaa ndani zaidi kuliko roda, maana yake gurudumu lilitoka cheni ikiwa kwenye sproketi ya kati au kubwa. Huhitaji kulirudisha gurudumu. Bonyeza kibadilishi cha giya kwenye usukani huku ukizungusha pedeli polepole kinyumenyume, mpaka derela ifike nje kabisa. Kwa derela ya waya unaweza kuona waya umelegea lakini derela haijasogea. Isukume kidogo kwa kidole, itaufuata waya.

Kama derela iko nje lakini roda ndiyo imeingia ndani, kosa liko kwenye kifaa. Vishika cheni vya ekseli ndefu, vile vinavyovuka kutoka mdomo mmoja wa fremu hadi wa pili, mara nyingi vina roda inayoteleza kwa uhuru juu ya ekseli. Isukume kuelekea upande wa cheni. Ikirudi ndani tena na tena, weka washa (pete bapa ya bolti) au kipande cha bomba la plastiki kando yake kiizuie. Baadhi ya vifaa vina sehemu ya kuizuia roda kwa kubana. Watu wengi hawaioni mpaka waonyeshwe.

Sababu ya tatu ni mwelekeo. Kwenye kishika cheni, pedeli huzungushwa nyuma tu. Ukizungusha mbele, mvuto wa cheni unahamia upande wa juu, na roda nyingi hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Sababu ya nne inachekesha kidogo: cheni imepitishwa chini ya roda badala ya juu. Njia sahihi ni kutoka juu ya sproketi ya mbele, juu ya roda, izunguke nyuma yake, kisha ishuke kwenye roda za derela kwa umbo linalofanana na S. Ikipita chini, itazunguka kwa nguvu mara mbili tatu halafu itoke.

Kama yote haya yako sawa na bado inaruka, angalia roda yenyewe. Zile zenye meno hushika mchanga katikati ya meno. Zile laini za mfereji huchimbika zikitumika sana, ukingo mmoja unakuwa mfupi. Ya kwanza inasafishwa, ya pili inabadilishwa.

Cheni inalegea, inajigusa yenyewe chini ya derela

Mkono wa derela umekunjwa nyuma, na cheni ya juu inasugua ya chini. Kwa baiskeli yenye sproketi mbili au tatu mbele, hamishia kwenye kubwa. Tatizo linaisha hapo hapo. Kwa ile yenye sproketi moja mbele huna hilo la kufanya. Ulegevu unatokea kwa sababu roda ya kishika cheni ni ndogo na wakati mwingine imekaa mbele zaidi ya mahali ekseli ilipokuwa. Kama mdomo wa fremu una nafasi, isogeze nyuma. Kama hauna, vumilia. Cheni inayojigusa kidogo wakati wa kuosha haina madhara.

Derela nyingi za baiskeli za milimani na za changarawe zina kikaza ndani yake, kinachofanya mkono uwe mgumu kusogea. Derela za Shimano za aina hiyo zina kiwashio kidogo kando. Za SRAM zina kitufe cha kuufunga mkono ukiwa umesukumwa mbele. Wakati wa kutoa gurudumu na kuosha, zima kikaza kama kina kiwashio. Wakati wa safari, kiwashe. Mtu anayesahau hili huhangaika na derela ngumu kama bawaba yenye kutu, akidhani imekufa.

Cheni imekaza mno, pedeli ni nzito

Hili ni nadra. Mkono wa derela umevutwa mbele hadi mwisho wake. Kishika cheni kimefungwa nyuma kupita kiasi. Usilazimishe pedeli.

Lakini kama mkono wa derela umekaa kawaida na bado pedeli ni nzito, shika roda na uizungushe kwa vidole bila cheni. Roda iliyokaa mwaka mzima kwenye boksi la spana, na grisi iliyochanganyika na vumbi, hugeuka jiwe. Itoe kwenye ekseli yake, ifute, tia tone moja la mafuta. Tone moja. Ukizidisha, unaipaka mafuta machafu cheni uliyotoka kuisafisha.

Kishika cheni hakiingii kwenye fremu

Hapa ndipo fedha hupotea, kwa sababu vifaa hivi vinafanana kwa macho na vinatofautiana kwa vipimo.

Baiskeli za zamani kidogo, ambazo gurudumu linafunguliwa kwa mkono bila spana, zina mdomo wa fremu ulio wazi chini, wenye nafasi ya ekseli ya milimita 10. Upana kati ya midomo miwili ni milimita 130 kwa nyingi za barabarani na 135 kwa nyingi za milimani. Kishika cheni cha kubana, kile kidogo kinachoshika mdomo mmoja tu upande wa cheni, hakijali upana huo. Cha kuvuka pande zote mbili kinajali.

Baiskeli mpya, hasa zenye breki za diski, zina matundu yaliyofungwa badala ya midomo, na ekseli ya milimita 12 inapenya upande mmoja hadi mwingine. Upana wa kawaida ni 142 au 148. Juu ya hilo kuna hesi: umbali kati ya nyuzi za bolti unaweza kuwa milimita 1, 1.5 au 1.75, na hazichanganyiki. Dalili ya hesi isiyolingana ni kwamba ekseli ya kifaa inaingia mzunguko mmoja au miwili kisha inagoma. Ikigoma, itoe. Anayeongeza nguvu ya alenki hapo anakula nyuzi za fremu, na hizo bei yake si ya roda ya plastiki.

Njia salama ni kununua kifaa ambacho roda yake inavalishwa kwenye ekseli yako mwenyewe. Unatoa gurudumu, unavalisha roda, unarudisha ekseli ileile iliyokuja na baiskeli. Hakuna hesi ya kukisia. Mimi sasa ningenunua aina hiyo tu.

Kifaa kinadondoka katikati ya kazi

Kishika cheni cha kubana kinategemea msuguano. Kikifungwa juu ya grisi au tope kinateleza. Futa mdomo wa fremu pande zote mbili kwanza, halafu funga.

Baiskeli ya giya moja

Kwa Phoenix na ndugu zake, za sproketi moja mbele na moja nyuma, usinunue kitu. Hakuna derela ya kuivuta cheni, hivyo roda haitaikaza hata ukiiweka. Cheni ya baiskeli hizi ina kiungo chenye kibanio. Kifungue kwa koleo, toa cheni yote, iloweke kwenye kopo la mafuta ya taa, isugue, ianike. Ukiirudisha, upande uliofungwa wa kibanio utazame mbele cheni inapokuwa juu, yaani kule cheni inakoelekea. Ukigeuza, kinaweza kuchomoka njiani. Ukisafiri, cheni ifunge kwenye mfuko wa nailoni na uutie kwenye begi.

Huna kifaa kabisa

Mwambie fundi akuuzie ekseli kuukuu ya gurudumu la nyuma, ile nzima ya nati, pamoja na nati nne na washa. Kata kipande cha bomba la plastiki, upana wa vidole viwili, kipenyo chochote kinachopita juu ya ekseli. Vaa bomba kwenye ekseli likae karibu na upande wa cheni, weka washa kubwa kila upande wake ili cheni isitoroke, kisha funga ekseli kwenye fremu kwa nati mbili kila mdomo, moja ndani na moja nje. Kinafaa kwa fremu yenye midomo wazi. Nacho kina ubora ambao vifaa vingi vya dukani vya kubana upande mmoja havina: kinazuia fremu isiminywe kwenye mzigo, kwa sababu nati za ndani zinaishikilia upana wake. Hakikisha tu nati za ndani ziko kwenye upana halisi wa fremu, usiutanue wala kuubana.

Ulisafirisha vizuri, ulipofika giya zinaruka

Hapa nina kovu langu. Nilisafiri na baiskeli kwa basi kutoka Moshi kwenda Dar. Nilifunga kishika cheni, nikazungushia cheni tambara, magurudumu nikayafunga pembeni, nikaona nimemaliza. Konda akaupokea mzigo, akanihakikishia: "Kaka, nimeulaza vizuri." Kweli aliulaza, ila aliulaza upande wa derela, na juu yake yakaja magunia.

Dar, gia za kati zikawa zinaruka. Nilizungusha skrubu za derela siku mbili, kila nikirekebisha moja, nyingine inaharibika. Hatimaye nikampelekea fundi mzee. Nilimwamkia, akaitikia, hakugusa skrubu hata moja. Alisimama nyuma ya baiskeli, akatazama, akasema: "Mwanangu, hii siyo giya. Sikio limepinda."

Sikio ni kile kipande kidogo cha alumini kinachoiunganisha derela na fremu. Ni laini kwa makusudi: kinapinda ili fremu na derela zipone. Tundu lake lina hesi ya milimita 10 kwa 1 (kipenyo 10, umbali wa nyuzi 1), na mzee alilijua hilo vizuri. Alifungua derela, akachukua gurudumu la nyuma la baiskeli nyingine lenye ekseli ya nati, akaizungushia ekseli hiyo ndani ya tundu la sikio. Sasa kulikuwa na magurudumu mawili bega kwa bega, langu na lake, na yalipaswa kwenda sambamba. Hayakwenda. Juu yalikaribiana, chini yakaachana. Akalitumia gurudumu lake kama mkono wa kunyoosha, taratibu, mpaka nafasi ikawa sawa juu, chini, mbele na nyuma. Sikio la alumini linavumilia kunyooshwa kidogo. Likipindishwa huku na huku linapasuka, hapo ni kununua jipya, na majipya yana maumbo mengi, kwa hiyo chukua la zamani kama kielelezo.

Kosa lilikuwa langu, si la konda. Kishika cheni kinashika cheni. Hakiilindi derela, ambayo imechomoza nje ya fremu kama kiwiko. Tangu hapo, kwa safari ndefu, nafungua bolti ya derela kwenye sikio (mara nyingi ni alenki ya milimita 5), naiacha ining'inie na waya na cheni yake, naizungushia kitambaa, naifunga kwa kipande cha tyubu kuukuu upande wa ndani wa bomba la chini la nyuma. Kishika cheni kinabaki mahali pake, cheni haijikunji mafundo. Na juu ya mzigo naandika kwa maandishi makubwa upande upi ulale chini: ule usio na cheni.

Wenye derela ya umeme wachomoe betri kabla ya kufunga mzigo.

Cheni imejifunga fundo

Inatokea derela ikiwa imening'inia bila roda ya kuishikilia cheni. Usikate wala kufungua kiungo. Cheni nzima haiwezi kufunga fundo halisi, imejipindua tu kuzunguka mkono wa derela. Pindua mkono wa derela mzunguko mmoja kinyume na ulivyopinduka, itaachia.

Umesafisha, cheni inalia

Kishika cheni hakihusiki. Mafuta ya taa yamebaki ndani ya viungo na yameyayeyusha mafuta uliyoweka juu yake. Futa, ianike juani mpaka ikauke kweli, ndipo utie mafuta, kisha ufute ya nje. Na tafadhali, usitumie asidi yoyote ya kutolea kutu. Chuma kigumu cha cheni kinaweza kupasuka bila kuonyesha dalili.

Gurudumu halirudi

Kwa breki za diski za mafuta, mara nyingi mtu alibonyeza mkono wa breki gurudumu likiwa nje, pedi zikakutana, na diski haina pa kupita. Zitenganishe kwa kitu bapa cha plastiki, kwa mfano kile cha kutolea tairi, bila kugusa uso wa pedi kwa mikono yenye mafuta. Safari ijayo chomeka kipande cha plastiki au katoni iliyokunjwa katikati ya pedi mara gurudumu linapotoka.

Kama breki iko wazi na bado linagoma, rudi kwenye lile la mwanzo: derela iwe nje kabisa, kikaza kimezimwa (kwa SRAM, mkono umefungwa mbele). Toa kishika cheni, vuta derela nyuma kwa mkono mmoja, laza cheni ya juu kwenye sproketi ndogo kuliko zote, gurudumu litaingia. Funga ekseli, bonyeza breki mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Halafu, kabla hujapanda, inua nyuma, zungusha pedeli kwa mkono na upandishe giya moja moja hadi sproketi kubwa zaidi, ukiangalia nafasi kati ya derela na spoki. Ikiwa karibu kugusa, usipande. Huenda sikio limepinda kuelekea ndani.